Shusha pumzi, fundi

Mkopo wenyewe ulikuwa wa laki nane. Niliuchukua ninunue ovaloki, mashine ya kufunga kingo za ndani za nguo, maana wateja wa Ngamiani hapa Tanga siku hizi wanaligeuza gauni ndani nje kabla hawajatoa hela. Ni ile mikopo tunayoiita kausha damu, marejesho kila wiki. Sikukuu ya Idi ikapita, kazi zikakatika kama zinavyokatika kila mwaka, na simu zikaanza.

Wanaopiga hawatukani. Matusi ningeyavumilia. Wanauliza kwa upole tu, "Dada, leo vipi?"

Baada ya wiki mbili hivi nikawa naamka saa nane za usiku, moyo unakwenda mbio, midomo inachonyota, vidole vimekufa ganzi hadi siwezi kushika sindano. Nikaamini ni ugonjwa wa moyo. Nikaenda kupimwa presha, sukari, na ile mashine wanayokubandikia waya kifuani. Vyote safi. Daktari akaniambia, "Dada, moyo wako mzima, huu ni wasiwasi." Nilimnunia siku mbili. Wasiwasi gani unaotia vidole ganzi?

Na kila niliyemweleza alikuwa na dawa moja: vuta pumzi. Mume wangu, dada yangu, hata muuza chapati wa jirani. Basi nikavuta. Nikavuta hadi mabega yakagusa masikio, na kizunguzungu kikazidi. Siku moja nililala kifudifudi juu ya meza ya kukatia, kitambaa cha mtu chini ya shavu, nikingoja dunia itulie.

Aliyenitoa huko ni mteja wangu, mama wa Kihindi wa Chumbageni, mtu mzima sana, ambaye namshonea blauzi za sari miaka mingi. Nilikuwa nampima kifua, futikamba mkononi, akanishika kiganja. "Fundi, mbona wahema kama umefukuzwa na mbwa? Kaa hapa." Akatazama saa yake, akahesabu pumzi zangu dakika nzima. Ishirini na sita. Mtu mzima aliyetulia, akasema, huwa kati ya 12 na 20.

Nikamwambia kila mtu ananiambia nivute. Akatikisa kichwa. "Mtungi umejaa, unautilia maji ya nini? Mwaga kwanza. Shusha."

Nilicheka, maana Kiswahili chetu kilikuwa kinalisema siku zote. Mtu akipata habari njema baada ya hofu tunasema kashusha pumzi.

Alinieleza, na baadaye yule daktari niliyemnunia akanithibitishia. Ukihema haraka haraka unatupa nje kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inasinyaa, ndiyo hicho kizunguzungu, na neva zinashtuka, ndiyo hiyo ganzi. Kumbe kila nilipovuta zaidi nilikuwa naongeza ugonjwa. Na pumzi inayotoka polepole inaamsha neva ya vagasi, iteremkayo kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, na moyo unapunguza mwendo.

Mazoezi yenyewe nimeyafunga kwenye cherehani yangu ya kukanyaga. Nikishona pindo refu la dera, navuta kwa puani mikanyago minne, tumbo linatoka. Nashusha kwa mikanyago sita, ikiwezekana minane. Sibani pumzi katikati. Mama yule alinionya mapema kwamba kubana si kwa anayeanza, wala si kwa mwenye presha au mjamzito. Uzuri wa pedeli ni kwamba haikuruhusu kudanganya: ukiharakisha, mshono unakwenda upande.

Jioni natandika mkeka nifanye yoga. Naanza kwa magoti na viganja chini, mgongo nauinua na kuulegeza kama paka. Halafu mkao wa mtoto, paji la uso chini. Halafu miguu juu ukutani dakika kumi. Mwisho nalala chali, mkao wanaouita maiti. Jumapili moja niliufanya ufukweni, mkabala na kisiwa cha Toten, jina waliloliacha Wajerumani, maana yake wafu. Nilishindwa kutulia kwa kicheko.

Mama yangu mzazi hakucheka. "Haya si mambo ya masanamu haya?" Nikamwambia yoga imetoka India, na huko wapo wanaoifanya kama ibada, sikatai. Mie simtamkii yeyote jina, nanyoosha mgongo ulioinamia cherehani tangu asubuhi. Hakuridhika. Sauti ya nyuki ndiyo iliyomkera zaidi, ile ya kufumba mdomo na kushusha pumzi kwa mvumo mmoja mrefu. Alikuwa akipita mlangoni anasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya tatu niliamka tena saa nane, moyo ule ule, lakini safari hii nikaanza kuvuma kabla ganzi haijafika vidoleni, na haikufika. Nikalala hadi alfajiri.

Deni, lakini, halikulipwa na pumzi, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Niliuza cherehani yangu ya pili, nikaongozana na dada hadi kwa wakopeshaji, wakakubali rejesho dogo la miezi mirefu. Pumzi iliniwezesha kupokea simu. Kabla ya hapo nilikuwa naificha chini ya vipande vya vitambaa, na deni linakua. Sasa ikiita naacha iite mara tatu, nashusha, ndipo napokea.

Juzi nimerudi nyumbani mapema nikamkuta mama chumbani kwangu, kalala kwenye mkeka, miguu yote miwili ukutani, kanga kaibana vizuri magotini. Anasema miguu ilikuwa imevimba. Nikamwuliza kama nimfundishe na ya nyuki.

"Funga mlango," akasema, "unaniingizia mbu."