Mkasi butu ndo wenye kazi

Sahani nne za kuoteshea bakteria, zote bluu. Yaani siyo bluu moja moja, bluu kama mtu kamwaga wino. Nilizitoa kwenye inkubeta saa moja asubuhi, nikazirudisha, nikafunga mlango, nikakaa kwenye stuli kidogo, nikazitoa tena kana kwamba zingekuwa zimebadilika.

Kwa ambao hamjui, kwenye hii kazi bluu maana yake umefeli. Tunaunganisha vipande vya DNA ndani ya plazimidi, kile kiduara cha DNA wanachobeba bakteria, na pale vipande vyetu vinapotakiwa kuingia kunakuwa na jeni inayoifanya koloni, yaani kundi la bakteria kwenye sahani, iwe bluu, sasa vipande vikikaa vizuri ile jeni inatolewa na koloni inatoka nyeupe. Tunatumia kimeng'enya kinaitwa BsaI, hiki kinasoma herufi za DNA GGTCTC ila hakikati hapo hapo, kinasogea pembeni kidogo ndo kinakata, kinaacha mkia wa herufi 4, na utamu ni kwamba hiyo mikia unaichagua mwenyewe. Kipande cha kwanza kinamshika wa pili tu, wa pili anamshika wa tatu tu, ni kama fitingi za bomba ambazo kila moja ina uzi wake. Unatia vyote kwenye tyubu moja, mashine inapanda nyuzi joto 37 inashuka 16 usiku kucha, asubuhi una kitu kimoja kilichounganika. Au una sahani nne za bluu.

Sasa tunaunganisha nini? Mashine ya kurekebisha herufi za DNA. Watu wakisikia CRISPR wanajua mkasi wa DNA, sawa, mwaka 2012 ilianzia hapo, wanasayansi Doudna na Charpentier mpaka wakapewa Nobel 2020. Ila mimi kilichoniteka kwenye hii fani siyo mkasi, ni siku walipoamua kuutoa makali. Ukibadilisha sehemu mbili tu za Cas9, protini ambayo ndo mkasi wenyewe, haikati tena kitu, lakini bado inafuata RNA elekezi, karatasi yake ya maelekezo yenye herufi 20, inafika kwenye anwani yake, inang'ang'ania pale. Basi ushapata mbebaji! Kama drili, mwili ni ule ule, kichwa unabadili unavyotaka. Zamani, enzi za TALEN, mkasi uliotangulia CRISPR, ukitaka kwenda anwani nyingine ilibidi ujenge protini nyingine, leo unabadili karatasi ya maelekezo tu.

2016 maabara ya David Liu kule Marekani wakafunga kichwa kinachobadili C kuwa T bila kukata nyuzi zote mbili za DNA. 2017 wakataka A iwe G, wakakwama kwa sababu hakuna kimeng'enya kinachojulikana kinachofanya hivyo kwenye DNA. Walichofanya nakipenda sana. Walichukua kimeng'enya cha bakteria kinachofanya kazi kwenye RNA, kinaitwa TadA, wakakichafua chafua kikawa na maelfu ya matoleo, wakayatia kwenye bakteria wenye jeni ya kuhimili antibiotiki iliyoharibiwa herufi, halafu wakawamwagia dawa. Bakteria ambaye TadA yake imejifunza kurekebisha DNA anapona, wengine wote wanakufa. Kazi ngumu wakamwachia bakteria aitatue mwenyewe.

Na hata kamba inayofunga kichwa na mwili ina mambo yake. Kichwa hakifiki kila mahali, kinafikia kama herufi ya 4 mpaka ya 8 kwenye zile 20, kwa hiyo kama hapo kuna A mbili na wewe unataka moja, ya jirani nayo inaweza kuguswa, na hapo ndo unaanza kuhangaika na anwani nyingine.

Shangazi yangu ana mtoto mwenye selimundu, kwa hiyo hizi stori nyumbani siyo za vitabuni. Juzi kanipigia, "Mwanangu, nimeona WhatsApp Wazungu wanarekebisha damu, hiyo yako itamfaa mdogo wako lini?" Nikamwambia shangazi ngoja nikueleze polepole, akasema eleza, bando ninalo.

Selimundu ni herufi moja kwenye jeni ya himoglobini, protini ya damu. Penye GAG pameandikwa GTG. Ungedhani unairudisha tu, ila hivyo vichwa viwili vya kwanza haviwezi kugeuza T kuwa A, siyo kazi yao. Wakazunguka mlango wa nyuma, ukiugusa uzi wa upande wa pili GTG inakuwa GCG, na hiyo GCG inatoa himoglobini inayoitwa Makassar, ipo kwa watu kiasili na haiwasumbui. 2021 wakaijaribu kwenye seli za wagonjwa na kwenye panya, ikafanya kazi. Na toka 2019 kuna praimu editingi, hapo kichwa ni kimeng'enya cha virusi vya panya kinachonakili RNA kwenda DNA, na ile RNA elekezi inabeba anwani pamoja na maandishi mapya, huyo sasa anaweza kurudisha GAG yenyewe.

Shangazi kasikiliza weee, mwisho kauliza bei. Tiba ya selimundu ya CRISPR iliyokwisha kuruhusiwa, Casgevy, Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba, hiyo inatumia mkasi wa kawaida, bei yake Marekani dola milioni 2.2, na kabla ya hapo unapigwa kemo kali ya kusafisha uboho, kule damu inakotengenezwa. Akanyamaza. Nikajuta kutaja.

RNA ni habari nyingine. DNA ni daftari la duka, RNA ni kikaratasi unachompa kijana akalete mzigo stoo, ukikosea kwenye kikaratasi kesho unaandika kingine. Huko mbebaji ni Cas13, mkasi wa RNA, iliyotolewa makali, kichwa ni ADAR2, kimeng'enya tulicho nacho hata sisi mwilini, 2017 kikabadili A isomeke kama G, 2019 wakakinoa kikageuza C kuwa U, ambayo kwenye RNA ndo inashika nafasi ya T. Mimi hii ningeanza nayo kwa mtu anayehitaji msaada wa muda tu, maana ukikosea inajifuta.

Shida kubwa sasa ni usafiri. Kila kichwa unachoongeza mzigo unakua, na AAV, virusi vinavyotumika kubeba, ni kirikuu tu, mwisho herufi 4,700 hivi, wakati Cas9 peke yake inakula kama 4,100. Watu wanaikata mashine vipande viwili, kila kirikuu kinabeba nusu, zikifika ndani ya seli zinajishona zenyewe. Au wanatumia vitone vya mafuta, ila hivyo vinapenda kuishia kwenye ini. Yule mtoto wa Philadelphia aliyetengenezewa dawa yake peke yake kwa miezi kama sita na kupewa dozi ya kwanza Februari 2025, ugonjwa wake ulikuwa wa ini, ndo maana ikawezekana. Uboho bado mbali.

Haya, turudi kwenye bluu zangu. Nilipekua sikuensi, yaani mpangilio wa herufi, ya kile kichwa ninachokiunganisha, mstari kwa mstari, na katikati kabisa nikaiona, GGTCTC, imejikalia. Kwa hiyo kila nikikiunganisha BsaI inakikata tena, usiku kucha, na mimi niko nyumbani nimelala. Kosa langu, sikuangalia kabla ya kuagiza. GGT CTC inasomeka glaisini na lusini, nikaandika CTG badala ya CTC, bado ni lusini, protini haijui kama kuna kilichotokea. Nikasubiri praima, vipande vifupi vya DNA vya kuibadili hiyo herufi, wiki mbili na ushee.

Jana nimehesabu, nyeupe 11, bluu 3. Sita za kwanza nimeziotesha, ziko kwenye sheka, mashine ya kutikisa, sasa hivi zinapiga kelele nyuma yangu.