Redio ya kanda ya Corolla yangu bado inaimba

"Bosi, hiyo itoe tu, nikufungie ya kioo yenye bluetooth." Mafundi wanne wameniambia hivyo hapa Dar, na wote walisema kabla hata hawajainama kuitazama. Naandika kwa sababu inaniuma kuona redio nzima zinatupwa kwa uchafu tu.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, na redio ni ile iliyotoka nayo Japani: kanda juu, CD chini. FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizifikii. Kwangu kanda na CD ndiyo redio yenyewe. Tena kuna kanda moja ya mama, iliyorekodiwa Tanga mwaka 1988 kwenye harusi ya dada yake. Humo ndani bibi yangu anaimba. Bibi hayupo tena, na sauti yake haikuwepo kwingine popote.

Matatizo yalianza kwa sauti kufifia, kama mwimbaji amejifunika blanketi. Fundi wa kwanza akaniambia nisuuze ndani kwa petroli, "inakata uchafu wote." Nikasuuza. Siku mbili sauti iling'aa na nikamsifia kila niliyekutana naye. Siku ya tatu kile kirola cha mpira kinachobana utepe kilikuwa kimevimba na kunata kama ulimbo. Nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, redio ikameza kanda ya bendi ya Mlimani Park. Nashukuru Mungu haikuwa ya bibi.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanavuta. Ukivuta, utepe unakatika au unarefuka, na uliorefuka haurudi tena. Mimi nilichomoa waya hasi wa betri, nikaitoa redio, nikafungua kifuniko cha juu. Utepe ulikuwa umejizungusha kwenye kijiti cha chuma kinachouendesha, tabaka juu ya tabaka, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Nyuma ya kijiti kile kuna gurudumu zito. Nikaligeuza kinyume kwa ncha ya kidole, taratibu, huku mkono wa pili ukipokea utepe bila kuukaza. Nusu saa nzima. Ukatoka wote, umejikunja kunja lakini haujakatika, nikaurudisha ndani ya kanda kwa kalamu ya Bic, ambayo pembe zake hushika meno ya kanda kana kwamba zilitengenezwa pamoja. Kwenye mikunjo sauti inatikisika kidogo, basi.

Kirola kipya sikukipata dukani. Nilikwenda Gerezani nikanunua redio iliyokufa, kama elfu kumi na tano hivi, nikatoa chake. Cha muhimu ni unene na urefu vilingane na cha zamani, vinginevyo utepe utapanda juu au kushuka.

Kusafisha ni kazi ndogo. Alkoholi ya isopropili isiyo na mafuta wala manukato, na vijiti vya pamba. Kijiti cha kwanza nilichopitisha kwenye hedi inayosoma utepe kilitoka na unga wa kahawia kama ugoro. Ule ni unga wa utepe wenyewe, unaobanduka kidogo kidogo na kuziba pale sauti inaposomwa. Nilitumia vijiti saba hadi kimoja kikatoka cheupe. Mpira nausafisha kwa maji yenye tone la sabuni, kisha naukausha. Ukiendesha gari kwenye vumbi, fanya kila mwezi.

Jambo ambalo hakuna fundi aliyenieleza: usizime gari kanda ikiwa inacheza. Kwenye redio nyingi za zamani kile kirola kinabaki kimekandamizwa kwenye chuma usiku kucha, kinapata bonde, na kesho yake muziki unayumba kwa kila mzunguko. Mimi natoa kanda kwanza, ndipo nageuza ufunguo. Na haibaki juu ya dashibodi. Jua la saa saba mchana linapinda ganda lake hadi linakwama mlangoni. Kanda za dakika 120 siziweki kabisa kwenye gari, utepe wake ni mwembamba mno; 60 na 90 zinatosha.

Upande wa CD, nilipewa ushauri wa dawa ya meno. Kwa mkwaruzo mdogo upande wa chini inaweza kusaidia, sikatai, lakini watu hawajui kwamba upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi. Data imekaa chini tu ya rangi ile, hivyo mkwaruzo wa juu hausuguliki. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. CD za kuchoma usiziache juani, na usibandike karatasi juu yake. Gundi ikilainika kwa joto, CD haitoki. Yangu ilipogoma kumeza CD tatizo halikuwa jicho la kusomea kama nilivyoambiwa. Ilikuwa sarafu ya shilingi mia aliyoitumbukiza mwanangu.

Kanda ya bibi niliiacha hadi nilipokuwa na uhakika na mikono yangu. Ganda lake halina skrubu, limegundishwa, na kile kisufi kinachosukuma utepe kwenye hedi kilikuwa kimedondoka. Nikatandika shuka jeupe mezani, nikazima feni (upepo kidogo tu ungemwaga mita 130 za utepe sakafuni), nikapasua ganda kwa kisu chembamba kwenye mshono, nikahamisha vigurudumu vyote viwili vya utepe kwenda kwenye ganda lenye skrubu tano. Niliicheza mara moja tu, nyumbani, nikiirekodi kwenye kompyuta na kwenye kanda mpya. Ya asili imefungwa kabatini.

Desemba nikampeleka mama Tanga. Tulipopita Segera nikaingiza kanda mpya bila kumwambia kitu. Vigelegele vikaanza, kisha sauti ya bibi. Mama hakusema neno hadi Muheza, kwenye wale wauza machungwa. Upande wa kwanza ukaisha, akanyoosha mkono kuigeuza kanda kama walivyokuwa wakifanya zamani.

"Iache, mama. Inajigeuza yenyewe."

Redio ikalia tak, na bibi akaendelea.