Nilivyojifunza kubakiza chakula

Ukinipakulia sahani ya wali, nitaimaliza. Iwe ndogo, iwe ile ya shughuli iliyojazwa hadi inamwagika, nitaimaliza, na punje ya mwisho nitaifuata kwa kidole. Miaka yote nilihesabu hiyo kuwa ni adabu. Kisha nikapimwa sukari asubuhi kabla sijala kitu, ikaja 6.4. Kisukari huanzia 7.0, kwa hiyo nilikuwa bado sijafika, lakini njia nilishaishika. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, akaniuliza: "Mama, huwa unajuaje kwamba umeshiba?"

"Sahani ikiisha," nikamjibu, wala sikufikiri.

Hakucheka. Aliandika kwenye faili, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu, na akaniachia hilo swali nikaenda nalo kwenye daladala.

Nimekulia Muheza, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 80. Baba na wageni wake walikula barazani, sisi watoto na mama tulikula uani, sinia moja juu ya mkeka. Unanawa, unasema bismillahi, unakula kwa mkono wa kulia, unakula mbele yako bila kuvuka kwa mwenzio. Mazungumzo hakuna. Nyama ni mwisho: ugali unaliwa kwa mchuzi hadi uishe, ndipo mama anagawa vipande kwa mkono wake, kila mtu na chake. Firigisi ni ya baba, hilo halikuwa na mjadala. Mayai hatukula kabisa kwa sababu tuliambiwa mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba yai lilikuwa ama la kuatamiwa ama la kupelekwa sokoni, na mtoto anayejua utamu wake kweli angeliiba bandani. Na hakuna kuinuka kabla sinia halijafutwa. Ukibakiza tonge, unaambiwa riziki inakulilia.

Sheria hizo hazikutoka hewani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, nchi haina fedha za kigeni, madukani rafu tupu. Tulikula unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita wa Yanga kwa rangi yake, na ulikuwa na harufu ambayo mpaka leo naisikia nikipita mashineni. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, tukasikia redioni jinsi bidhaa zilivyokuwa zimefichwa, lakini kwetu sukari ilibaki ni ile iliyokuwa kwenye kopo juu ya kabati, imefungwa kwa kamba, mama anaijua hadi kimo chake.

Nilipoanza kuitafakari ile sahani yangu, jambo moja lilinijia polepole. Sinia lilikuwa na mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni kiasi alichosonga mama. Mpaka wa pili ni mikono ya ndugu zangu. Hapo huwezi kuvimbiwa hata ukitaka, kwa hiyo "maliza chakula" haikuwa na madhara yoyote. Palikuwa na sheria moja zaidi ambayo hakuna aliyeifundisha ila wote tuliijua: ukizubaa, utakuta vidole vinafuta sinia. Nikatoka hapo nikaenda bweni, ambako anayewahi kumaliza makande ndiye anayewahi nyongeza. Kisha nikaajiriwa, nikaolewa, nikawa na sufuria yangu na sahani yangu peke yangu. Sheria zote nilikwenda nazo. Mipaka ilibaki Muheza.

Kilichonisaidia zaidi kilitoka madrasa, mahali pale pale palipotufundisha kufuta sinia. Maalimu alitusomesha hadithi ya Mtume inayosema mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kama hana budi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Tuliikariri kwa sauti. Lakini ni mtoto gani wa mwaka 1983 aliyekuwa na tumbo la kugawa mafungu matatu? Tuliishika ile ya kufuta chombo kwa sababu ilitufaa, hii nyingine tukaiacha kwenye ubao. Nilipoikumbuka niliona sina haja ya kuvunja sheria ya mama. Naweza kuendelea kumaliza sahani, ila mabishano yote yafanyike kwenye sufuria, kabla sijapakua. Nikanunua sahani ndogo, za kina kifupi, na nikaacha kuleta hotpoti mezani. Anayetaka kuongeza ainuke aende jikoni. Mara nyingi uvivu hushinda njaa.

Nyama ndiyo iliyonitesa. Nilikuwa bado nakula kwa mpangilio wa uani: mlima wa ugali kwanza, kipande kimesogezwa pembeni ya sahani kinanisubiri. Nikifika kwenye kipande nimeshashiba zamani, na kipande hakiachiki, maana ndicho nilichokuwa nakifanyia kazi. Nikaamua kuanza na nyama na mboga, ugali ufuate. Siku za mwanzo nilihisi kama naiba, nikawa nageuka nyuma kutazama mlango, mwanamke mzima mwenye ajira! Lakini ugali ulipungua bila mimi kuupigia hesabu, kwa sababu hapakuwa na zawadi inayonisubiri mwisho.

Kasi nayo. Wanasema mwili huchukua kama dakika 20 hivi kuanza kuisikia shibe, nami dakika 20 nilikuwa nimeshaosha vyombo. Nilijaribu uma nikaona najidanganya. Ugali kwa uma si ugali. Nikarudi kwenye mkono, nikapunguza tonge, na nikaivunja ile sheria ya kutozungumza. Sasa mezani tunapiga soga. Mtu anayesimulia ugomvi wa kazini hawezi kula haraka, atake asitake.

Palikuwa pia na makombo ya watoto. Tumbo langu ndilo lilikuwa jaa la nyumba hii: nusu ya chapati, wali wa mwisho, samaki aliyedonolewa, vyote vilipita kwangu kwa sababu kutupa ni dhambi. Kilichoniokoa ni kiporo. Chakula kinachobaki kwenye sufuria, ambacho hakijaguswa, kinapoa kidogo, kinaingia kwenye friji mapema, asubuhi kinapashwa hadi kitoe mvuke kweli kweli, kinaliwa na chai. Hakijatupwa, kimeahirishwa. Kilichoguswa na watoto kinakwenda kwa kuku wa jirani. Na nimeacha kuwapakulia, wanapakua wenyewe kidogo kidogo. Mume wangu alipinga. "Unawadekeza. Sisi tulikula tulichopewa." Kweli tulikula, nikamwambia, lakini na wewe mlenda uliolazimishwa hujaugusa tangu uondoke kwenu. Alinyamaza, mlenda kweli haugusi.

Sukari ilikuwa na mzizi mwingine. Nilikuwa naweka vijiko ambavyo sitavitaja hapa, na kila nikikoroga nilikuwa nalipa kisasi kwa lile kopo la juu ya kabati. Niliwahi kusoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Jennifer Fisher na Leann Birch, Marekani: watoto wadogo waliwekewa kitafunwa mahali wanapokiona lakini wakazuiwa kukila, na walipofunguliwa walikitaka na kukila zaidi kuliko kingine walichoachiwa muda wote. Hilo kopo hasa. Nyumbani kwangu sukari inakaa mezani, wazi, na wanangu wanaipita kama wanavyoipita chumvi. Mimi nilishuka kijiko kimoja baada ya kingine, kwa wiki nyingi, na tangawizi na mdalasini vilisaidia kuudanganya ulimi.

Kwa watu ndiko kugumu. Nilikwenda Muheza kumwona shangazi, kapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilipakua kidogo makusudi, ili nikibembelezwa niwe na nafasi ya kukubali. Hilo ni jambo la kuanza nalo, maana ukijaza mwanzo bado utaongezwa.

"Mbona hujala, mwanangu? Chakula kibaya?"

"Kitamu shangazi, ndiyo maana nataka kingine cha kuondoka nacho."

Akafurahi, akanifungia bakuli zima. Kwake sikukataa chakula, nimekisifu hadi nakibeba. Sukari sikumtajia. Ukitaja ugonjwa kwa shangazi, kesho ukoo wote umepiga simu.

Kipimo cha mwisho kilikuwa 5.8. Daktari aliridhika, ila akasema tuendelee kupima. Kilichobaki kunishinda ni Ramadhani. Mchana kutwa hujala, halafu magharibi mezani pana uji, magimbi ya nazi, maharage, viazi vitamu, tambi, na kaimati zinang'aa kwa shira, na yule mtoto wa sinia anaamka mzima mzima. Ramadhani iliyopita niliazimia kutopika kaimati kabisa. Siku za mwanzo nikafanikiwa. Kisha jirani akatuletea bakuli lake, limejaa, na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kwa hiyo nikakanda unga.