Asubuhi ya Konokono wa Matisse

Miaka ile nilikuwa nafundisha chekechea, watoto wa miaka 4 na 5, na nilikuwa nimetia nia ya jambo moja: kabla hawajapanda darasa, wakae uso kwa uso na kazi ya msanii mkubwa. Kuchorewa ua ili walijaze rangi bila kuvuka mstari, hilo walishalifanya vya kutosha. Nilitaka waione kazi ya mtu aliyeishi kwa ajili ya rangi, waitazame wanavyotaka, waisemee wanavyotaka, kisha wapite kwa mikono yao njia aliyoipita yeye.

Mwenzangu wa darasa la jirani aliniuliza bila kuzunguka, "Mwalimu, hawa watoto watamwelewa Matisse wapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sanaa ya watu mashuhuri ni ya watu wazima waliosoma, na kwamba mtoto apewe katuni hadi akili ikomae. Mimi naamini kinyume chake kabisa. Mtoto wa miaka 4 anatazama kuliko sisi. Sisi tunakimbilia kusoma jina la picha ili tujue tunatakiwa kuona nini. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo hana kingine cha kutegemea isipokuwa macho yake.

Henri Matisse nilimchagua kwa sababu. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1869, akajulikana dunia nzima kwa rangi zake kali, na mwaka 1941 akafanyiwa operesheni kubwa kwa sababu ya saratani ya tumbo. Alipona, lakini nguvu za kusimama saa nyingi mbele ya kanvasi hazikurudi. Kazi akaifanyia kitandani na kwenye kiti cha magurudumu, na hapo ndipo mkasi ulipochukua nafasi ya brashi. Wasaidizi wake walipaka karatasi nyeupe rangi nzito ya maji, zikakauka, naye akazikata moja kwa moja bila kuchora mstari kwanza. Kisha akawaelekeza wabandike vipande ukutani kwa pini, wavisogeze huku na huku mpaka moyo wake uridhike. Karatasi, rangi, mkasi, gundi. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mtoto wa chekechea hajakishika.

Picha yenyewe ilikuwa "Konokono" ya mwaka 1953, nakala kubwa iliyochapishwa vizuri. Niliibandika chini ukutani, usawa wa macho ya watoto wakiwa wamekaa sakafuni. Jina lake nililificha. Sikusema ni nini, sikusema ni ya nani. Niliwaambia tu, "Tazameni. Mtu akiona kitu, aseme."

Kwanza kimya. Halafu kila mtu na lake.

"Mawe!"

"Nguo zimeanikwa."

"Nyumba imeanguka."

Mmoja akasema ni karatasi zilizochanwa, na nilifurahi, maana alikuwa amesema kweli tupu. Mwingine akaanza kutaja rangi huku akisogea mbele kwa magoti: kijani, nyeusi, nyekundu, bluu, njano, halafu akakwama kwenye ile zambarau hafifu iliyoko juu, upande wa kushoto. Hakuwa na jina lake. Wenzake wakamsaidia kila mtu kwa namna yake, na nikawaacha wabishane mpaka wakakubaliana kuiita "zambarau iliyotiwa maziwa". Sikuona sababu ya kuwasahihisha. Walikuwa wameshaona kwamba ndani ya rangi ile kuna nyeupe.

Ndipo nikawaambia, "Mzee aliyeitengeneza aliiita Konokono."

Vurugu. "Mwalimu, huyu si konokono!" "Konokono ana pembe!" "Konokono hana kona!" Mvulana mmoja alisimama kabisa, mikono kiunoni, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sikumtetea Matisse. Niliwauliza tu, "Kwa nini unadhani aliiita hivyo?" Kisha nikanyamaza. Kunyamaza hapo ndiyo kazi ngumu kuliko zote anazofanya mwalimu wa watoto wadogo, kwa sababu jibu liko kwenye ncha ya ulimi na watoto wanakukodolea macho.

Aliyefungua njia alikuwa msichana mpole, mzito wa kusema. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye picha, akaweka kidole katikati, akaanza kukipitisha kipande kwa kipande, akizunguka polepole, kila mzunguko mkubwa kuliko uliotangulia. Hakusema neno. Alipofika kwenye kipande cha nje akageuka kutuangalia. Wenzake wakaanza kuzungusha vidole hewani, mmoja baada ya mwingine, na yule mvulana wa mikono kiunoni akasema kwa sauti ya mtu anayekubali shauri zito, "Ni gamba lake. Amechora gamba tu."

Ndivyo hasa. Matisse alianza kwa kumshika konokono halisi mkononi na kumchora, mara nyingi, mpaka kilichobaki akilini ni ule mzunguko unaojikunjua. Nikawasimulia hilo, na wakaona ni jambo la maana sana kwamba mzee alimshika konokono kweli. Hawakujali kwamba alikuwa mashuhuri. Walijali kama konokono alimtelezea.

Kulikuwa na siri moja niliyokuwa nimeihifadhi, nikitaka nione kama macho yao yataifikia. Niliwaambia, "Humu ndani kuna konokono mwingine, mdogo, mwenye pembe." Hapo walinizingira, kisha wakaiparamia picha, nikalazimika kuwapanga waende wawili wawili. Walitafuta kwenye nyeusi, wakatafuta kwenye ukingo wa rangi ya chungwa unaoizunguka picha yote. Waliomwona walikuwa wadogo kuliko wote darasani, wawili waliokuwa wamebanwa nyuma muda wote. Kwenye ukingo wa ile zambarau hafifu, mkasi wa Matisse umekata umbo la konokono mdogo kabisa. Watu wazima wengi hupita mbele ya picha ile bila kumwona. Wale wawili walipiga kelele mpaka mwenzangu wa jirani akachungulia mlangoni.

Nakala yangu ilikuwa na upungufu mmoja ambao nakala zote zinao: ilikuwa ndogo. Kazi halisi, iliyoko kwenye jumba la Tate huko London, ina karibu mita 2.87 kila upande. Nikachukua chaki na kamba, tukapima mraba huo sakafuni pamoja, watoto wakishika ncha za kamba. Mwisho nikawaambia walale ndani yake. Wawili walilala kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake, na bado pakabaki nafasi ya mtoto wa tatu kukaa amekunja miguu. "Alikuwa mgonjwa, akatengeneza kubwa hivi?" msichana mmoja aliuliza akiwa bado amelala pale chini. Nikamwambia ndiyo, alikata vipande, na watu waliomsaidia wakavipandisha mahali ambapo yeye hakuweza kufika. Wakauliza kama yuko hai. Niliwajibu kweli: alifariki mwaka 1954, mwaka uliofuata baada ya konokono huyu. Watoto hawahitaji kufichwa hilo. Swali lililokuja papo hapo lilikuwa la vitendo: "Sasa nani anaitunza?" Ikanibidi nieleze jumba la makumbusho ni nini, na kwa nini kuna watu wanaolipwa ili picha isipigwe na jua kali rangi zake zikafifia. Nadhani somo hilo la mwanga na rangi lilikaa kuliko tarehe zote.

Baada ya hapo ilikuwa zamu yetu. Sikuwapa karatasi za rangi zilizonunuliwa. Matisse hakutumia karatasi za rangi za dukani. Karatasi zake zilipakwa kwanza, na ukizitazama kwa karibu unaona nyayo za brashi. Niliweka mezani rangi nne tu: nyekundu, bluu, njano na nyeupe. Kila kundi likapewa sahani ya kuchanganyia na kazi moja: tafuteni kijani chenu.

Hapa nilikuwa na maagizo machache, na nayasisitiza hata leo. Njano ni rangi dhaifu; ukiitia kwenye bluu, inamezwa, na mtoto anamaliza kopo zima bila kuona mabadiliko. Kwa hiyo tunaanza na njano sahanini, kisha tunadondosha bluu kwa ncha ya brashi, kidogo, tunakoroga, tunatazama. Kila tone lilileta kijani kingine. Kundi moja lilisimama kwenye kijani changa kinachokaribia njano na likakataa kuendelea, wakisema wakiongeza "kitazeeka". Nyekundu nayo niliichagua makusudi ile inayoelekea waridi. Nyekundu inayoelekea chungwa ina njano ndani yake, na ukiikutanisha na bluu unapata hudhurungi iliyochoka badala ya zambarau, halafu mtoto anafikiri amekosea yeye.

Bila shaka lilikuwapo kundi lililochanganya kila kitu. Sahani yao ikawa matope. Walinitazama wakingoja niseme kitu, nami nikawaambia wapake karatasi kwa rangi hiyohiyo, maana ni rangi kamili na kuna picha zitakazoihitaji. Walipaka karatasi mbili za matope kwa fahari kubwa, na baadaye kila kundi likaja kuwaomba vipande.

Karatasi zilikauka wakati wa mapumziko. Waliporudi, nilifanya jaribio moja kabla ya mikasi. Nilikata kipande chekundu nikakiweka juu ya karatasi nyeupe, kisha nikakihamishia juu ya kijani. "Ooh!" Mtoto mmoja akasema kimekuwa kikali zaidi, mwingine akasema kinaruka. Walikuwa wameona kwa macho yao jambo ambalo Matisse alilijenga ndani ya konokono wake, pale alipoziweka rangi zinazopingana zikigusana ili kila moja iwashe nyenzake. Picha hiyo ina jina la pili linalohusu mpangilio wa rangi tu, bila konokono yeyote. Nilipowaambia, hawakushangaa. Walikuwa bado wanasogeza kile kipande chekundu, kwenye bluu, kwenye matope, kurudi kwenye kijani.

Sikumwambia mtu yeyote atengeneze konokono. Kuwapa watoto kazi ya kunakili picha ya msanii mashuhuri ni kuwafundisha kwamba jibu liko kwake na wao wamepungukiwa. Nilichowaomba ni kufuata njia yake: kata bila kuchora, panga bila gundi, sogeza, tazama kwa mbali, sogeza tena, na gundi ije mwisho kabisa. Ambao mkasi ulikuwa bado unawashinda, walichana kwa vidole, na kingo zao zenye nyuzinyuzi zikawa nzuri kuliko za mkasi. Yule msichana mpole alikaa muda mrefu kuliko wote kwenye kusogeza. Alikuwa na vipande vitano. Alivitenganisha, akavigusanisha, akasimama juu ya kiti ili avione kwa mbali, akashuka, akahamisha kimoja tu, upana wa kidole. Kisha akaniita nimletee gundi.

Tangu hapo tulimkaribisha msanii mmoja kwa muda mrefu, si kumi kwa haraka. Edward Saidi Tingatinga alikuja na wanyama wake waliopakwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya ubao, na watoto walikaa siku nzima wakisoma madoa. Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi, alikuja na anga la usiku la mwaka 1889, nikawaacha wafuate mizunguko ya upepo kwa vidole kama walivyojifunza kwa konokono. Habari za sikio alilojikata mwenyewe sikuzigusa. Watu wazima wanapenda kuanza na sikio, na mimi huona ni dhuluma kwa mtu aliyetuachia anga lile.

Mchana wa siku ile ya konokono, mama mmoja alipokuja kumchukua mwanawe, alisimama mbele ya kazi zilizokuwa zimebandikwa akauliza, "Mwanangu, hii yako ni nini?" Mtoto akamvuta mkono, akamshusha mpaka akachuchumaa, akamwambia, "Mama, usiulize kwanza. Tazama, halafu useme unaona nini." Mama akanitupia jicho, akatazama. Akasema anaona mlango na mtu anatoka. Mtoto akafikiri kidogo, akakubali kwamba mtu yupo, lakini anaingia.

Kesho yake mwenzangu wa jirani alibisha hodi akaomba nakala ya picha pamoja na ile kamba. Nilimpa vyote viwili, kwa sharti kwamba jina la picha asilitaje mpaka watoto wake wawe wamemaliza kusema yao.