Kibao cha Kahawia

Juzi jirani alichoma kamba kuukuu za katani nyuma ya ukuta, na moshi wake ulipoingia dirishani nikaacha kula. Mama Neema akauliza kama mchuzi umechacha. Nikamwambia hapana, ni kile kibao.

Enzi za masomo, mwalimu alikuwa ametupa kazi ya kuunganisha katani ya Tanga na plastiki ya polipropilini ili tupate ubao mwepesi. Usiku ule umeme ulikatika, kwa hiyo katani niliyoiacha kwenye oveni haikukauka. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa, nikaamua kufidia muda kwa moto. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi, na 185 zingetosha kuifanya ipenye katikati ya katani, lakini nilipandisha hadi 220, huku nikijua vizuri kwamba katani ikifika 200 huanza kuharibika. Lugha yetu hutumia neno moja, nyuzi, kwa katani na kwa joto, na siku ile nilizikosea zote mbili.

Kalibu, yaani chombo kilichokibana na kukipa kibao umbo, ilipofunguka, mvuke ulitoka kwa mlio, kisha ikafuata harufu ya sukari iliyoungua. Mzee wa karakana alikishika kibao kwa ncha mbili, akakikunja polepole kama anayevunja muwa, kikakatika papo hapo. Akanisogezea pale kilipovunjika, karibu kabisa na macho. Palikuwa na vishimo vingi vilivyoachwa na mvuke. Nyuzi nyingine zimekatika fupi kama njiti zilizoungua, nyingine zimechomoka safi, hazina hata chembe ya plastiki.

"Mwanangu, maji haya umeyatia wewe?"

"Yalikuja na katani, mzee."

"Na moto?"

Sikujibu.

Wiki iliyofuata niliikausha katani ipasavyo, nikatumia nyuzi 185, nikakiacha kibao kipoe kikiwa bado kimebanwa. Kilitoka na rangi ya majani makavu, ukikikunja, kinarudi. Ila ripoti ya kibao cha kwanza nilikuwa nimeshaikabidhi, nikiwa nimeandika kwamba katani na polipropilini hazipatani. Ni kweli kwa kiasi, maana katani hupenda maji na polipropilini huyakataa, hata watu huongeza kemikali ya kuzishikanisha, na mwalimu aliweka alama ya vema. Mzee naye aliusoma ukurasa ule wote, akaniuliza tu kama nimemaliza kutumia oveni.