Nilivyomuuguza mama Bugando, katikati ya wanafunzi

Hospitali ya wilaya hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, ilipomwandikia mama rufaa ya Bugando, Mwanza, shemeji yangu alipinga. "Kule ni wanafunzi watupu, watamfanyia majaribio." Wanafunzi wapo kweli. Bugando ilifunguliwa 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na tangu 2003 ina chuo cha udaktari, ambacho leo ni CUHAS, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya. Raundi ya kwanza, makoti meupe yalimzunguka mama mpaka mimi nikabanwa dirishani.

Mama miguu ilikuwa imevimba na pumzi zinakata. Bingwa alimpima, akaagiza vipimo, akasogea kitanda kinachofuata. Wagonjwa walikuwa wengi. Mchana akarudi kijana mmoja wa wale wanafunzi, akavuta kiti.

"Shikamoo bibi. Usiku unalalia mito mingapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mitatu. Nikilala chali nazama."

Akauliza chumvi, akauliza ngazi, akauliza dawa za dukani. Hapo mama akafungua pindo la kanga, akatoa diklofenaki, vidonge vya maumivu anavyomeza kwa ajili ya magoti. Nyumbani hakuna aliyekuwa akijua. Kesho yake kijana akalieleza hilo kwenye raundi, bingwa akambana aseme kwa nini ni muhimu. Akajibu kwamba dawa hizo huufanya mwili ushike maji na chumvi, na moyo uliochoka huzidiwa. Zikasimamishwa palepale.

Basi nikanunua daftari. Kila dawa, kila kipimo, kila swali la mama niliandika, na intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, akipita namshika kwa upole, kwa sababu bingwa humpati mara mbili kwa siku.

Siku ya ruhusa niliomba kitu kimoja: barua ya kuturudisha Nansio, yenye dozi zote na mambo ya kuangaliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inahusu matibabu. Nauli ya meli na chakula cha muuguzaji vinabaki mfukoni mwako. Kuvuka ziwa kwa ajili ya kupimwa presha tu, hapana.

Daktari wa Nansio alipoisoma alitazama sahihi, akacheka: aliyeiandika walisoma naye darasa moja. Akampigia simu mbele yetu, wakakubaliana kupunguza dawa ya kukojoza maji. Siku hizi mama anapimwa uzito na presha hapahapa, na Bugando tunarudi wakituita.