Gari langu la kwanza lilivyoacha kusukumwa

Lilikuwa gari la bei ya chee, mlango umefungwa kwa kamba, na nalipenda hadi leo. Kila asubuhi pale Wete, Pemba, vijana wa mtaani walilisukuma ndipo liwake. Wengi wakasema betri imekufa. Lakini taa zilikuwa kali, nikipiga stata tu zinafifia, "tak!", kimya. Nikafungua boneti: vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, na hewa ya pwani haihurumii chuma. Nikatoa waya wa hasi kwanza, nikavimwagia maji ya moto yenye magadi, nikasugua kwa msasa hadi madini ya risasi ya vichwa hivyo yakang'aa, nikakaza, nikapaka grisi. Likawaka papo hapo, tukashuka Chake Chake tukiimba! Sugueni pia pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari, wengi hupasahau.